Barua ya wazi kwa wakuu wa bustani za burudani za Marekani: Turudishieni foleni iliyo moja

Kwa Wakurugenzi Wakuu na wajumbe wa bodi za kampuni zinazoendesha bustani kubwa za burudani,
Orlando, Florida, na Anaheim, California.

MINTARAFU: KUPANDA KWA VIINGILIO, KUSHUKA KWA HUDUMA, NA KUUZWA KWA NAFASI YA MTU KWENYE FOLENI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imenishinda. Katika muda wa miaka miwili nimepeleka barua tatu kwa bustani moja ambayo sitaitaja hapa, kwa kuwa shauri langu limeshapita bustani moja. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa maneno ya shukrani ambayo yangeweza kutumwa kwa mtu yeyote aliyeandika jambo lolote. Ya pili ilijibiwa kwa kuponi ya chakula iliyokwisha muda wake kabla sijapata likizo ya kurudi Florida. Ya tatu haikujibiwa hadi leo. Wapenzi wengine wa bustani hizi, watu waliozizuru tangu utoto wao na sasa wanawapeleka wajukuu, wana visa vinavyofanana na changu, nao wanajadiliana kwa uchungu kama waendelee kuja au waache. Mimi bado sijaamua. Naandika kwa sababu ningependa kuendelea.

Huenda mkauliza kwa nini barua hii ni ya Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Ohio, ambako kazi yangu ni kutunza wazee, na ninajua familia nyingi zinazozungumza lugha hii, huko Ohio na Minnesota na Texas na hata Kanada, ambazo huweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku nne za Orlando. Tena Kiswahili si mgeni kwenu. Tangu Animal Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, ilipofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, mgeni anayeelekea kwenye safari ya wanyama hupita katika kijiji kilichopewa jina la Harambe, na hoteli iliyo jirani ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village na mikahawa iitwayo Boma, Jiko na Sanaa. Lugha iliyoandikwa kwenye kuta zenu inafaa pia kusomwa mezani penu.

Kabla sijataja malalamiko, nataka mjue ninalolilalamikia lilikuwa kitu gani. Mwaka 2017 nilimpeleka mama yangu Harambe. Mama alizaliwa Lamu, na wabunifu wa kijiji kile, wakiongozwa na Joe Rohde, walikiiga kutoka Lamu. Hakutazama wanyama kwanza. Alikwenda ukutani, akapitisha kiganja juu ya lipu lililopasuka, mahali ambapo kipande cha juu kimebanduka na mawe ya ndani yanaonekana, akafuata ufa ule kwa kidole hadi kwenye kizingiti cha mlango, kisha akasema, "Mwanangu, waliojenga hapa walifika kwetu, tena hawakuwa na haraka." Alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba ukuta ule ulijengwa ukiwa mpya na ukachakazwa kwa makusudi na mafundi waliojali kazi yao. Siku ile tulipanda magari ya safari mara mbili, asubuhi na alasiri, na hatukulipa senti moja juu ya tiketi ya kuingilia. Uangalifu wa namna ile ndio uliotufanya tuwapende. Hayo ninayoyaorodhesha sasa ndiyo yanayouondoa.

1. Nafasi kwenye foleni imegeuzwa bidhaa.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, nami nitakaa nalo. Mwaka 1999 bustani za Disney zilianzisha utaratibu wa FastPass. Mgeni aliingiza tiketi yake katika mashine iliyokuwa karibu na mchezo, akapewa karatasi yenye saa ya kurudi, akaenda zake kula au kutazama gwaride, na saa ilipofika alirudi akapita njia fupi. Huduma ile ilikuwa ndani ya bei ya tiketi. Daktari na dereva wa teksi waliipata kwa utaratibu uleule, na aliyefika mapema ndiye aliyepata saa nzuri. Hata ilipohamishiwa kwenye simu na bangili za kielektroniki kule Florida, haikuwa na malipo ya ziada. Janga la korona lilipofunga milango mwaka 2020 utaratibu huo ulisimamishwa, na Oktoba 2021, badala ya kurudishwa, ukaondolewa kabisa. Mahali pake ikaja Genie+, huduma ya kulipia kupitia simu, iliyoanza Florida kwa dola 15 kwa kila mtu kwa kila siku, na michezo inayotamaniwa zaidi ikatengwa nje yake ili ilipiwe peke yake. Julai 2024 jina likabadilishwa kuwa Lightning Lane Multi Pass. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo ikaongezwa Premier Pass, kibali cha kupita njia fupi bila kupangiwa saa, ambacho bei yake ya juu katika bustani ya Magic Kingdom kule Florida, siku za sikukuu, ilitangazwa kuwa dola 449 kwa mtu mmoja. Kwa familia yetu ya watu watano hizo ni dola 2,245 kwa siku moja, kabla ya tiketi ya kuingilia, chakula na malazi. Universal nayo imekuwa ikiuza Express Pass kwa miaka mingi, na bustani nyingine za nchi hii zina majina yao kwa kitu kilekile.

Mnajua kuliko mimi jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, lakini naomba mruhusu aliyesimama upande wa pili aeleze. Mchezo hauongezi viti kwa sababu mtu amelipa. Kama unabeba watu elfu moja kwa saa, utabeba elfu moja wakiwa wamelipa au hawakulipa, na kila anayepitishwa mbele humrudisha nyuma mwingine aliyefika kabla yake. Kwa hiyo mnapouza nafasi ya mbele hamuuzi kitu mlichokitengeneza. Mnauza muda wa mgeni ambaye naye amewalipa tiketi kamili.

Katika bustani ile niliyoiandikia, nilisimama Julai na mke wangu na watoto wetu watatu mahali ambapo njia mbili zinakutana. Kijana mfanyakazi alisimama kati ya kamba mbili, mkono mmoja ameuinua kutuzuia, mkono wa pili akiwapungia wa njia ya kulipia wapite. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeanza kuhesabu, mchezo wa kupoteza muda tu, nami nikamsaidia. Kwa robo saa walipita watu 160 upande ule na 38 upande wetu. Kijana yule hakuwa na kosa, na kila alipotuzuia aliinamisha uso. Tulipokuwa tumesimama dakika 95, mchezo uliharibika. Waliolipia walipokea papo hapo kwenye simu zao ruhusa ya kupanda mchezo mwingine. Sisi tuliambiwa tutoke kwa utulivu, na kwamba tukitaka kurudi baadaye tutaanza mwisho wa foleni. Hicho ndicho kisa nilichokiandika katika barua zangu tatu. Sikuomba fedha. Niliuliza kwa nini dakika 95 zetu hazikuandikwa popote.

Naijua hoja kwamba FastPass ya bure nayo ilirefusha foleni ya kawaida, na ni hoja ya kweli. Tofauti ni kwamba wakati ule kila mgeni alikuwa mara huku na mara kule: alisubiri hapa, akapita haraka pale, na siku ilipokwisha mizani ililingana kiasi. Sasa kuna watu wa kusubiri siku nzima na watu wa kupita siku nzima, na wote wanatazamana kupitia kamba moja.

2. Tiketi imepanda, na yaliyokuwa ndani yake yamemeguliwa na kuuzwa kipande kimoja kimoja.

Magic Kingdom ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3 na senti 50. Nataka kuwa mwadilifu: fedha ile ilikuwa ya lango, na michezo ililipiwa kwa vitabu vya kuponi, kama ilivyokuwa Disneyland ya Anaheim tangu mwaka ilipofunguliwa, 1955. Kwa hiyo siwalinganishi na mwaka 1971. Nawalinganisha na juzi. Februari 2015 tiketi ya siku moja ya Disneyland ilikuwa dola 99. Oktoba 2024 tiketi ya siku zenye watu wengi ilifikishwa dola 206. Hiyo ni zaidi ya mara mbili katika muda usiofika miaka kumi, na mshahara wa mtu ninayefanya naye kazi haukuzidishwa mara mbili katika muda huo.

Vitabu vya kuponi viliondolewa mwaka 1982, tiketi moja ikafungua kila mlango, na wageni walifurahi kwa sababu hakuna mzazi anayependa kutoa pochi mbele ya kila mchezo huku watoto wakimtazama. Tangu wakati ule hadi karibuni tulizoea bei inayotajwa mara moja langoni. Sasa tumerudishwa kwenye kuponi, tofauti yake ni kwamba tiketi ya lango haikushuka. Basi la bure la Magical Express, lililowachukua wageni wa hoteli za Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando tangu 2005, lilisimama Januari 2022, na sasa kila familia inajilipia. Bangili ambazo wageni wa hoteli walipewa bila malipo zimekuwa za kununua. Wageni wa hoteli walitozwa hata maegesho ya usiku kuanzia 2018, ada ambayo nashukuru iliondolewa Januari 2023, na nitairudia hapo chini. Kila moja ya ada hizi, ikitazamwa peke yake, ina maelezo ya kueleweka. Zikijumlishwa, mtu hawezi tena kumwambia jirani yake safari inagharimu kiasi gani, na familia inayopanga kwa daftari na kalamu inafika Orlando na kugundua kwamba hesabu yake ilikuwa ya nusu tu ya siku.

3. Vinavyoharibika havitengenezwi kwa haraka inayolingana na bei.

Mfano unaojulikana na kila mpenzi wa bustani hizi uko mwendo mfupi kutoka Harambe. Expedition Everest, mchezo wa treni ya kasi ndani ya mlima wa kuigiza, ilifunguliwa Aprili 2006, na mwisho wake ulipaswa kuwa kilele cha safari: sanamu ya Yeti, zimwi la theluji la hadithi za Himalaya, yenye urefu wa mita saba na zaidi, iliyoundwa inyooshe mkono kumwelekea abiria. Ilifanya hivyo kwa muda mfupi baada ya ufunguzi, kisha ikasimama. Tangu hapo inamulikwa na taa za kumetameta ili ionekane kana kwamba inasogea. Watoto waliozaliwa mwaka ule ni watu wazima sasa, na hawajaiona ikisogea. Naelewa kwamba ukarabati wa mashine kubwa ndani ya mlima uliokwisha kujengwa ni kazi ngumu. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo tiketi haikusimama mahali pamoja kuisubiri.

Pia kuna sehemu zinazofungwa. Mto wa Rivers of America katika Magic Kingdom, pamoja na boti yake ya magurudumu na kisiwa cha Tom Sawyer, ulifungwa Julai 2025 ili kupisha ujenzi mpya. Sipingi ujenzi. Lakini boti ile ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mzee angeweza kuketi, kupigwa na upepo na kuwatazama watu kwa robo saa bila foleni ndefu na bila ada. Mama yangu alipenda kukaa sitahani kuliko mchezo mwingine wowote. Animal Kingdom nayo imefunga eneo lake la DinoLand kwa awamu tangu Januari 2025, na kitakachochukua nafasi yake kimeahidiwa mwaka 2027. Katika kipindi chote cha katikati mgeni analipa bustani kamili na kupewa bustani iliyopungua.

4. Siku ya mapumziko imekuwa siku ya kutazama simu.

Nina machache ya kusema hapa, kwa kuwa kila mtu anayajua. Foleni, chakula, ramani na saa za maonyesho vyote vimehamia kwenye programu ya simu, na asiyeijua vizuri, au ambaye chaji imemwishia saa nane mchana, anahesabiwa kama hayupo. Wazee ninaowatunza kazini wana akili timamu na hamu ya kwenda na wajukuu wao. Kinachowatisha ni simu.

5. Wenye mahitaji maalumu wamebanwa wakati uleule njia ya kulipia inapanuliwa.

Mwaka 2024 Disney ilibadilisha utaratibu wake wa kuwahudumia wageni wasioweza kusimama kwenye foleni ya kawaida, na kuulenga hasa kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi ya waliokuwa wakiutumia ilikuwa imeongezeka sana na baadhi yao waliutumia vibaya. Nakubali kwamba wadanganyifu wapo. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa utumbo, au anayetibiwa saratani, ambaye zamani alielezwa muda wa kurudi na akangoja mahali penye choo na kivuli, sasa anaweza kuambiwa kwamba hafai, na anapogeuka anakuta njia fupi ipo palepale kwa anayeweza kuilipia. Hata kama hamkukusudia hivyo, ndivyo inavyosomeka kwake: afya yake haikumpatia nafasi ambayo fedha zingempatia. Kwa miaka ya kazi yangu nimewasukuma watu wengi kwenye viti vya magurudumu, na najua jinsi mgonjwa anavyojisikia anapolazimika kumweleza mtu asiyemjua habari za tumbo lake kisha akataliwe. Kati ya mambo yote niliyoyaandika, hili ndilo ambalo naona aibu kwa niaba yenu.

6. Wafanyakazi ndio huduma yenyewe.

Septemba 2020 Disney ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi 28,000 katika biashara ya bustani zake nchini Marekani. Wakati ule milango mingine ilikuwa bado imefungwa na sitawahukumu kwa uamuzi wa janga. Walioondoka, hata hivyo, waliondoka na ujuzi usioandikwa kwenye kitabu: ni mtoto gani anayelia kwa uchovu na ni yupi anayelia kwa kupotea, ni wakati gani wa kufungua kamba, ni neno gani la kumwambia baba aliyeanza kupandisha sauti. Kule Orlando vyama vya wafanyakazi vilidai kwa miezi mingi hadi mwaka 2023 ndipo kima cha chini kikakubaliwa kuwa dola 18 kwa saa. Mtu anayelipwa dola 18 hufanya kazi zaidi kidogo ya siku tatu ili apate bei ya juu ya Premier Pass moja, kodi ikiwa bado haijakatwa. Huyo ndiye mnayemsimamisha kati ya kamba mbili.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi yake nimeshapewa.

Mtasema kwamba tiketi ya bei ya chini ya Disneyland imebaki dola 104 tangu mwaka 2019. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini siku hizo ni chache, nazo kwa kawaida huangukia katikati ya wiki, shule zikiwa wazi. Mzazi anayefuata sheria hawezi kumtoa mtoto darasani, na mfanyakazi wa hospitali au ghala hupewa likizo anapopangiwa.

Mtasema kwamba bei kubwa hupunguza msongamano. Kama hilo ndilo lengo, foleni zingekuwa zimefupika na njia ya kulipia isingekuwa na mnunuzi. Tena kuna mfano wa karibu wa kampuni iliyojaribu dawa hii. Six Flags iliamua kupandisha bei na kupunguza punguzo ili ipate wageni wachache wanaolipa zaidi, na idadi ya waliozuru bustani zake ikaanguka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5 mwaka 2022. Baadaye iliungana na Cedar Fair, kampuni nyingine ya bustani, mnamo Julai 2024, na Novemba 2025 bustani yake ya Maryland ilifungwa moja kwa moja. Sisemi kwamba bei peke yake ilileta hayo yote. Nasema mgeni aliyefukuzwa kwa bei harudi kwa sababu tu mmemtumia tangazo.

Mtasema kwamba mnawekeza. Disney ilitangaza Septemba 2023 kwamba itatumia dola bilioni 60 katika biashara hii kwa muda wa miaka kumi, na Universal ilifungua bustani mpya ya Epic Universe kule Orlando tarehe 22 Mei 2025. Ninafurahi kwa yote mawili. Lakini ujenzi mpya hauwezi kuwa jibu la mchezo wa zamani uliosimama, wala si kila kinachojengwa kwa ajili ya wenye nacho hudumu. Hoteli ya Disney iitwayo Galactic Starcruiser, ambayo watu wawili walilipa karibu dola 5,000 kwa siku mbili, ilifunguliwa Machi 2022 na ikafungwa Septemba 2023.

Na mtasema kwamba watu bado wanakuja. Ndiyo, tunakuja. Wengi tunakuja kwa sababu ya siku tulizozipata zamani, kama ile siku yangu ya 2017, na wengine wanakopa ili waje. Akiba ya mapenzi hutumika kama akiba nyingine, na wanaoijaza tena ni watoto wanaoingia leo. Mwanangu hakumbuki jina la mchezo uliotuharibikia. Anachokumbuka ni hesabu: 160 na 38.

Siandiki kwa kukata tamaa, kwa kuwa mmewahi kusikia. Mwaka 2023 Bob Iger, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Disney wakati huo, alikiri hadharani kwamba, katika hamu ya kukuza faida, huenda kampuni yake ilikuwa kali mno katika baadhi ya bei. Mwaka huohuo maegesho ya usiku yakarudi kuwa bure kwa wageni wa hoteli, na Januari 2024 sharti la kuhifadhi nafasi kabla ya kuingia likaondolewa kwa tiketi nyingi. Mambo hayo yalifanyika kwa sababu wageni walisema bila kuchoka.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba yangu na kwa niaba ya wale watakaokubaliana nami, yafuatayo. Kwanza, kila tiketi ya siku iwe na angalau nafasi tatu za kurudi kwa saa maalumu bila malipo, kama ilivyokuwa zamani. Kama lazima njia ya kulipia ibaki, iwekwe kikomo cha sehemu ya viti inachoweza kuchukua katika kila saa, na kikomo hicho kiandikwe mlangoni pa mchezo ili anayesubiri ajue anasubiri nini. Aliyengoja zaidi ya nusu saa mchezo ukaharibika apewe karatasi ya kurudia nafasi yake, awe amelipia au hakulipia. Hili halihitaji mabilioni, linahitaji karatasi na muhuri.

Naomba pia gharama kamili ya siku itajwe mahali pamoja kabla mtu hajalipa chochote, na kwamba michezo mikubwa inapofungwa kwa zaidi ya miezi mitatu, tiketi ya bustani hiyo ishuke kwa kiasi kinachotajwa wazi. Naomba utaratibu wa wenye ulemavu uangaliwe upya mkiwa pamoja na wagonjwa wenyewe na madaktari wao, na mpaka hapo kila mwenye cheti cha daktari apewe muda wa kurudi. Kila bustani iwe na meza, yenye mtu aliyeketi nyuma yake, ambapo asiye na simu atapewa kila kitu ambacho mwenye simu anakipata. Na tarehe ya kutengenezwa kwa kila kilichoharibika itangazwe, ikiwa ni pamoja na Yeti.

Familia yangu hupanga likizo ya mwaka unaofuata mwishoni mwa Septemba. Fedha za safari tumeshaanza kuziweka, na mama ameomba, akijaliwa afya, apelekwe tena kwenye ukuta ule wa Harambe. Nitasubiri jibu lenu hadi wakati huo, na nitalisoma lote.

Wenu kwa heshima,

Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Ohio,
mgeni wenu tangu 2009